Nusu ya Ugonjwa wa Samaki Imo Topeni

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi zaidi na wanafunzi wa Kitui na Makueni, pamoja na wazazi wao, tangu ufugaji wa samaki ulipoanza kuhimizwa katika sehemu hizi kavu, ni moja: samaki akiugua, apewe dawa gani? Ni swali la haki. Mfugaji wa mbuzi anaijua dawa ya minyoo, na mfugaji wa kuku anaijua chanjo. Kwa nini mwenye bwawa asiwe na chupa yake? Jibu langu huwaudhi wengi. Huwaambia kwamba yapo maradhi ya samaki ambayo hutayaelewa kamwe kwa kumtazama samaki peke yake, kwa sababu samaki ni nusu tu ya ugonjwa. Nusu ya pili imo ndani ya mnyoo mwembamba kama uzi, aishiye katika tope la chini ya maji.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchangamsha uchumi ambao, pamoja na mengine, ulilenga kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Hayo ni mabwawa 28,000 kwa mkupuo mmoja, katika nchi ambayo sehemu zake nyingi hazikuwa na mazoea ya kufuga samaki. Vifaranga viligawiwa, watu wakafundishwa kulisha na kuvua. Mengi ya mabwawa hayo yaliachwa baadaye, yakawa mashimo ya vyura. Sababu zilizotajwa zilikuwa uhaba wa maji, bei ya chakula cha samaki na ukosefu wa soko, nazo zote ni za kweli. Lakini kuhusu tope lililo chini ya bwawa, na nani anaishi humo, sijasikia likizungumzwa hata katika semina moja niliyohudhuria.

Ajabu ni kwamba watu wa Ukambani, kuliko wengi wengine, wanapaswa kulielewa jambo hili haraka. Kichocho cha tumbo kimewatesa watoto wa Machakos na Makueni kwa vizazi, na watafiti walikaa huko miaka mingi wakikichunguza. Kila mwanafunzi wa huko aliyesoma biolojia anajua kwamba kimelea cha kichocho hakiruki kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Yai hutoka kwa mgonjwa, likaanguliwa majini, kiluwiluwi chake kikaingia ndani ya konokono. Humo kikazaana, kisha kikatoka kikiwa na umbo jingine kabisa, tayari kupenya ngozi ya mtoto anayechota maji. Ondoa konokono, na mnyororo umekatika. Sasa weka samaki mahali pa mtoto, na mnyoo wa topeni mahali pa konokono. Huo ndio mzunguko ninaotaka kuueleza, ila wenyewe una vitimbi zaidi, na uliwachukua wataalamu karibu miaka mia moja kuugundua.

Kisa chenyewe kilianzia Ulaya. Katika karne ya 19 samaki aina ya trauti wenye mistari ya rangi za upinde wa mvua walichukuliwa kutoka Marekani, wakapelekwa kufugwa Ujerumani. Mwaka 1893 vifaranga vyao vilianza kuonyesha ugonjwa wa kutisha. Vilikuwa vikizunguka majini kama pia, vikifukuza mikia yao wenyewe mpaka vinachoka na kuzama. Mikia iligeuka rangi ikawa myeusi, vichwa vikapinda, migongo ikakunjamana. Mtaalamu Bruno Hofer alikichunguza kimelea chao na mwaka 1903 akakipa jina, *Myxobolus cerebralis*. Trauti wa asili ya Ulaya, ambao yaelekea walikuwa wameishi na kimelea hicho tangu zamani, hawakuumia sana. Aliyeumia ni mgeni.

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Sidhani walikuwa na trauti akilini, lakini kimelea hiki kinaifuata methali hiyo neno kwa neno. Chakula chake ni gegedu, yaani ule ugumu laini kama wa ncha ya sikio, ambao ndio mifupa ya samaki mchanga kabla haijakomaa. Kifaranga cha majuma machache ni gegedu tupu, kwa hiyo hukunjwa na kuharibika maisha yake yote. Samaki mkubwa ambaye mifupa yake imeshakauka na kuwa mifupa kweli, huweza kukibeba kimelea bila hata kuonekana mgonjwa.

Ndani ya gegedu kimelea huunda spora kwa maelfu. Spora moja ina upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita, ina magamba mawili magumu yaliyofungana kama chaza, na ndani yake mna vifuko viwili vyenye nyuzi zilizozungushwa kama kamba kwenye gurudumu. Samaki akifa na kuoza, spora huanguka topeni. Akiliwa na ndege, spora hupita tumboni mwa ndege zikiwa nzima, zikadondoka kwenye maji mengine.

Hapa ndipo wataalamu walipokwama. Walichukua spora hizo wakawalisha samaki wazima, na samaki hawakuugua. Wakaziweka spora topeni kwa miezi kadhaa, kisha wakawatia samaki humo, na samaki wakaugua. Kwa hiyo iliandikwa vitabuni kwamba spora zinahitaji "kukomaa" topeni. Neno zuri, lakini halielezi kitu. Ni kama kusema unga ukikaa jikoni hugeuka kuwa ugali, bila kumtaja mpishi.

Mpishi alikuwa ameshaonwa na watu wengine, ila hawakujua anapika nini. Mwaka 1899 mtaalamu mmoja wa Bohemia, Antonín Štolc, aliandika kuhusu vimelea vya ajabu alivyovikuta ndani ya minyoo ya majini. Vilikuwa na umbo kama la nanga, shina moja na mikia mitatu iliyotanuka. Vikapewa jina lao, vikawekwa katika ngeli yao. Kwa miaka themanini na zaidi vitabu vya zoolojia vilikuwa na ngeli mbili za vimelea: moja ya wale wa samaki, nyingine ya wale wa minyoo. Waliosomea samaki walichunguza samaki. Waliosomea minyoo walichunguza minyoo. Kila upande ulikuwa na hadubini zake na majina yake.

Mwaka 1984, Ken Wolf na Maria Markiw, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya maradhi ya samaki huko Leetown, West Virginia, walichapisha katika jarida la *Science* habari ambayo wengi waliikataa. Walisema kwamba kile kimelea cha samaki na kile cha mnyoo ni kiumbe kimoja. Spora kutoka kwenye gegedu la trauti humezwa na mnyoo aitwaye *Tubifex*. Ndani ya utumbo wa mnyoo kimelea hubadilika. Na kinachotoka ni ile nanga yenye mikia mitatu, nayo ndiyo humwambukiza samaki. Kwa maneno mengine, ngeli mbili nzima za vitabuni zilikuwa kiumbe kimoja katika nguo mbili. Kwa miaka kadhaa ubishi ulikuwa mkali. Watafiti wa Munich walirudia jaribio hilo, wakachapisha mwaka 1989 kwamba wameona yaleyale. Wengine wakafuata kwa spishi nyingine, na mwaka 1994 ilipendekezwa rasmi ile ngeli ya vimelea vya minyoo ifutwe.

Nakaa kidogo hapa kwa ajili ya walimu wenzangu, maana sijui mfano bora kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba uainishaji wa viumbe si orodha ya kukariri. Hawakuwa wajinga wale waliotenganisha ngeli hizo. Walikuwa waangalifu, na michoro yao ni sahihi hadi leo. Kosa halikuwa katika walichokiona, bali katika mipaka ya kazi waliyojiwekea.

Turudi kwa mnyoo. *Tubifex* ni ndugu wa nyungunyungu, mwekundu kwa sababu damu yake ina himoglobini kama yetu, na kwa sababu hiyo anaweza kuishi mahali ambapo hewa ya oksijeni ni haba. Huzamisha kichwa chake topeni na kuacha mkia nje ukipepea. Chakula chake ni tope lenyewe, au tuseme bakteria na uozo uliomo. Anapomeza spora, nyuzi zile zilizozungushwa hufyatuka na kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo wake, magamba yakafunguka, na kilichomo ndani kikaingia katikati ya seli zake. Katika maji baridi hukaa humo kama miezi mitatu, kikigawanyika. Mnyoo hafi, aghalabu hupoteza tu uwezo wa kuzaa vizuri, akaendelea kumtumikia mgeni. Kisha nanga hutoka pamoja na kinyesi chake, zikaelea majini kwa siku kadhaa zikingoja. Nanga ikigusa ngozi ya samaki hufyatua nyuzi zake, ikajichoma hapo na kumwaga ndani ya ngozi furushi la seli 64. Seli hizo husafiri kwa kufuata mishipa ya fahamu hadi zifike kwenye gegedu, na mambo huanza upya.

Binadamu haambukizwi. Nasema hili mapema ili asije mtu akaacha kula samaki kwa sababu yangu.

Nyuzi hizo za kufyatuka ziliwashangaza watu tangu zamani, kwa sababu kuna viumbe wengine mashuhuri wenye silaha ya namna hiyo. Ni konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewawasha waogeleaji wa Mombasa, pamoja na jamaa zake wajengao matumbawe. Kwa muda mrefu kimelea chetu kilihesabiwa miongoni mwa viumbe vya seli moja. Uchunguzi wa chembe za urithi katika miaka ya 1990 na baadaye ulithibitisha kwamba ni mnyama kamili, na ukoo wake ni huohuo wa konyeza. Ni konyeza aliyepoteza mdomo, tumbo, na takriban kila kitu, akabakiwa na mshale wake. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba mmoja wa jamaa zake, aishiye ndani ya samaki aina ya samoni, hana hata ile sehemu ya urithi inayomwezesha mnyama kutumia oksijeni. Ni mnyama wa kwanza kujulikana kuwa hivyo. Zaidi ya spishi 2000 za ukoo huu zimekwisha kuelezwa, lakini ni chache tu ambazo mzunguko wao mzima, wa samaki na wa mnyoo, umefahamika.

Msomaji wa Wote au wa Mutomo atauliza: haya ya trauti yananihusu nini? Trauti ni samaki wa maji baridi. Walioletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905 walipelekwa kwenye mito ya milimani, si kwenye joto letu. Ni kweli. Lakini ukoo wa vimelea hivi haukuishia kwa trauti. Tilapia wa Afrika wana spishi zao za *Myxobolus*, na kambare wana jamaa zao waitwao *Henneguya*, wenye spora zenye mikia miwili. Katika mito na maziwa, mara nyingi huonekana kama vivimbe vyeupe juu ya mapezi au kwenye matamvua, na samaki huendelea na shughuli zake. Mambo hubadilika samaki wanaposongamana katika bwawa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa hali ya hewa ni wa Mississippi, kwenye joto na mabwawa ya udongo. Huko wafugaji wa kambare walianza kupoteza samaki kwa wingi katika miaka ya 1980, matamvua yakiwa yamevimba na kubanduka, yakafanana na nyama ya kusaga. Ilichukua takriban miaka ishirini kuthibitisha kwamba chanzo ni aina ya *Henneguya*, na kwamba nusu yake ya pili imo katika mnyoo mdogo wa topeni aitwaye *Dero digitata*. Hakuna dawa iliyopatikana ya kutia majini ikamaliza tatizo. Watafiti walijaribu hata kupandikiza samaki wa aina nyingine ambao hula minyoo. Naona hilo ni wazo la kiungwana: mtu ameacha kumtibu mgonjwa, akaenda kumtafuta mwenye nyumba.

Na wenye nyumba hao tunao. Mnyoo wa topeni hupenda uchafu unaooza. Kwa hiyo bwawa linalorutubishwa kwa samadi bila kipimo, ambalo chakula kingi kinazama bila kuliwa, na ambalo halijakaushwa tangu lichimbwe, ni hoteli yake. Samadi yenyewe si mbaya, kwa kuwa huotesha mimea midogo ya majini ambayo tilapia hula. Ubaya ni ile tabia ya kumwaga toroli zima kila Jumamosi kwa kudhani kwamba kikizidi ndicho kizuri.

Lakini bwawa la mtu mmoja ni jambo dogo. Kubwa liko kwenye Mto Athi. Mto huu hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na kila kitu ambacho mji mkuu umeshindwa kukimeza, ukapita karibu na Thika kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, ukageuka kusini-mashariki na kuambaa na uwanda wa juu wa Yatta, Makueni ukingo mmoja na Kitui ukingo wa pili. Mbele zaidi huitwa Galana, kisha Sabaki, ndipo uingie baharini karibu na Malindi. Mahali ambapo Athi hukutana na Mto Thwake, ujenzi wa bwawa kuu ulianza mwaka 2018. Ukuta wake umepangwa kuwa wa takriban mita 80 kwenda juu, na uwezo wake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 680, kwa ajili ya maji ya nyumbani, kilimo cha umwagiliaji na umeme.

Hofu kuhusu uchafu wa Athi kuishia Thwake imekwisha kutajwa hadharani mara nyingi, hasa kuhusu madini mazito na usalama wa maji ya kunywa. Hiyo ni hofu ya kwanza na inastahili kuwa ya kwanza. Mimi naongeza ya pili. Mto unaokimbia hubeba tope lake. Mto uliozuiwa hulilaza. Masinga, bwawa la Mto Tana lililokamilika mwaka 1981, limeonyesha jinsi mchanga na tope vinavyojaa nyuma ya ukuta kwa kasi kuliko wahandisi walivyotazamia. Tope la Athi si udongo wa mashamba peke yake. Lina uozo wa mji, yaani chakula cha minyoo. Na watu wa pande zote mbili wameshaambiwa kwamba bwawa kama hilo huleta uvuvi. Kwa hiyo samaki watakuwapo, ndege walao samaki watakuwapo, na minyoo itakuwa imewatangulia wote. Makao ya kila nusu ya mzunguko yatakuwa yameandaliwa kwa gharama ya umma.

Je, ni nani atakayeyatazama yote kwa pamoja? Samaki wa kufugwa ni kazi ya idara ya uvuvi ya kaunti. Bwawa lenyewe ni la wizara ya maji. Majitaka ya Nairobi yana shirika lake, na shirika hilo halina sababu ya kufikiria matamvua ya kambare wa Makueni. NEMA inatazama mazingira, na watu wa afya ya umma wanamtazama konokono wa kichocho. Kila mmoja ana ripoti yake, na huenda kila ripoti ni sahihi. Sisiti kusema kwamba hivyo ndivyo zile ngeli mbili zilivyoishi vitabuni kwa miaka themanini.

Wamarekani walilipia somo hili. Mwishoni mwa 1994 ugonjwa wa trauti uligunduliwa katika Mto Madison, jimbo la Montana, na ikaonekana kwamba katika sehemu ya juu ya mto huo trauti wa upinde wa mvua walikuwa wamepungua kwa kiasi cha asilimia 90. Baada ya hapo vituo vya kuzalishia vifaranga vilianza kuacha mabwawa ya udongo, vikajenga mifereji ya saruji, vikatumia maji ya chemchemi iliyofunikwa, na kuzuia vifaranga kuhamishwa kutoka penye ugonjwa. Hakuna hata moja katika hayo lililo dawa. Yote ni kumtenga samaki mchanga na tope mpaka mifupa yake ikauke.

Sisi pia tuna la kufanya bila kungoja fedha za mkopo. Vituo vinavyouza vifaranga Ukambani vichunguzwe tope lake, si vifaranga vyake tu. Mwenye bwawa alikaushe baada ya kila mavuno mpaka ardhi ipasuke, aondoe tope la juu, kisha anyunyize chokaa kabla ya kujaza tena. Jua la Kibwezi hufanya kazi hiyo bure. Wale waliotandika karatasi ya plastiki kwa sababu udongo wao hauzuii maji wasidhani wamesalimika, maana juu ya karatasi nako uchafu hutuama, na minyoo haihitaji zaidi ya sentimita chache. Samaki waliokufa wazikwe mbali na maji, wasitupiwe ndege. Na kuhusu Thwake, uchunguzi wa tope na viumbe wake uanze huko juu mtoni, na taarifa yake isomwe meza moja na ile ya samaki.

Walimu wasio na maabara wasijitetee kwa hilo. Kitu kinachotakiwa ni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, koleo la mpini mrefu, na tope kutoka pembezoni mwa bwawa mahali maji yametulia. Atakayechota avae glavu na viatu vya mpira, wala mwanafunzi asiingie majini, kwa sababu ya konokono wale wa kichocho. Jaza chupa tope robo, maji robo tatu, iachwe dirishani pasipo jua kali hadi asubuhi. Maji yakishatulia, mtazame juu ya tope bila kuitikisa meza. Mkiona nyuzi nyekundu zimesimama zikipepea, na zote zikazama kwa pamoja mtu akigonga kioo kwa ukucha, wahesabuni kabla hamjaandika neno lolote kuhusu samaki.